Mbuzi Hawapai: Yaliyonikuta Mganga Wetu Alipoanza Kuruka

Korongo lile la mchezo wetu wa kuigiza wa mezani nililichora kwa wiki mbili. Nikitoka kazini jioni nakaa na karatasi ya manila, rula na kalamu za rangi tatu, nachora kingo zake, daraja la kamba lenye mbao zilizooza, mapango ya popo ukutani na, ng'ambo ya pili, ngome ya wanyang'anyi. Niliandaa mitego mitano. Niliandika hata maneno ya mlinzi wa daraja, mzee mwenye jicho moja ambaye angewadai ushuru, wakikosa hela awatege kitendawili.

Jumamosi ikafika. Wachezaji wangu wanne wakasimama ukingoni. Mdogo wangu, ambaye mhusika wake ni mganga na ndiyo kwanza alikuwa amefika levo ya 5, akafungua daftari lake, akasoma mstari mmoja, akaniangalia.

"Naruka."

"Unaruka wapi?"

"Ng'ambo. Nabeba kamba, nikifika naifunga kwenye jabali, wenzangu wanavuka nayo. Hilo daraja lako silikanyagi, kaka."

Kazi ya wiki mbili iliisha kwa dakika nne. Mzee wa jicho moja mpaka leo hajafungua mdomo.

Nayaandika haya kwa yeyote anayeongoza michezo ya kuigiza ya mezani, hasa aliyeanza peke yake kama mimi, bila mtu wa kumwambia kwamba siku moja mhusika ataacha ardhi. Mimi sikuambiwa. Nikafanya makosa, na moja kati ya hayo karibu linigombanishe na ndugu yangu wa damu.

Kwa asiyeujua mchezo: Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974. Mmoja anakuwa mwongoza mchezo, anaisimulia dunia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema anafanya nini. Penye mashaka dadu inaamua. Sisi tunatumia kanuni za toleo la tano, zile za 2014. Tangu Januari 2023 kanuni zake za msingi zimewekwa kwenye leseni huria, kwa hiyo unazipakua na kuzichapa bila kumwibia mtu. Nilichapa kurasa 90 nilizoona zina maana, stationery ya karibu na stendi, shilingi 100 kwa ukurasa. Dadu ya pembe ishirini sikuipata mjini. Miezi ya kwanza tulitumia vikaratasi ishirini ndani ya kikombe cha bati, mpaka rafiki akaniletea seti moja kutoka Dar alipokuja na treni ya umeme. Wahusika mezani ni mbegu za ubuyu, kila moja imepakwa rangi yake ya kucha. Rangi hizo ni za dada mmoja anayechezesha shujaa wa upanga, na hutukumbusha kila wiki kwamba tunammalizia.

Tunacheza chumbani kwangu, Nkuhungu. Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, anashuka na daladala. Wengine ni huyo dada, fundi simu mmoja, na mwalimu wa hesabu wa sekondari ambaye tunamwita Mwalimu hata katikati ya vita.

Basi, baada ya korongo, nilibaki na hasira. Hapo sikuijua kuwa ni hasira, niliiita maandalizi. Wiki iliyofuata maadui wote walikuwa na pinde. Wanyang'anyi wana pinde, walinzi wa mto wana pinde, kijiji cha wakulima ambacho hakijawahi kupigana na mtu kina vijana sita juu ya mapaa na mishale begani. Mdogo wangu akipanda hewani tu, mishale inamfuata yeye, wenzake wanapita chini wakipiga miluzi. Wiki ya tatu fundi akashindwa kuvumilia.

"Kaka, samahani. Hata mbuzi wa kijiji hiki wana upinde?"

Wote wakacheka. Mimi nikacheka kwa meno. Jumamosi nne zilizofuata nikawaingiza mapangoni, kwenye mashimo yenye dari ya futi saba, ambako hata ukiwa na mabawa ya malaika utagonga kichwa. Pinde nikaziondoa, nikajiona nimetumia akili. Kumbe ni adhabu ileile, nimeiweka tu mahali penye giza. Yule dada alikuwa ameniomba toka mwanzo waende pwani wakaone meli. Tukakaa chini ya ardhi mwezi mzima kwa sababu mimi namwogopa mtu mmoja anayeruka.

Kisha ikaja ile Jumamosi.

Walikuwa wametoka pangoni, wako uwanda mpana, wanakimbizwa. Mganga akapaa futi 120 ili aone njia. Mpiga mshale mmoja akampata: madhara 8. Alikuwa na uhai 19, akabaki na 11. Sasa, uchawi wa kuruka katika kanuni hizi unataka aliyeutoa awe amekaza akili muda wote. Akiumizwa anatupa dadu ya kujinusuru. Akishindwa, uchawi unakatika na anayeruka anaanguka hapohapo. Namba ya kufikia ni 10, au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa. Nusu ya 8 ni 4. Kwa hiyo ni 10. Naijua sasa kama ninavyoijua namba yangu ya simu.

Nikamwambia 15. "Upepo mkali," nikasema. Upepo niliutunga palepale, mdomo ukiwa wazi.

Akatupa, ikaja 11. Akaongeza 1 ya ukakamavu wake, 12. Ameanguka. Kila futi 10 za kuanguka ni dadu moja ya pembe sita, kwa hiyo dadu kumi na mbili. Tulikuwa nazo nne tu, akazitupa mara tatu huku Mwalimu anajumlisha kwenye kiganja kwa biki: 41. Uhai 11 ukaisha, zikabaki 30. Na kanuni inasema kinachobaki kikifika au kuzidi uhai wako mzima, hakuna cha kuzimia wala kuokolewa na wenzako; umekufa. Uhai wake mzima ulikuwa 27.

Hakubisha. Aliichukua ile mbegu ya ubuyu, iliyopakwa zambarau, akaifuta kwa kidole gumba kama mtu anayefuta vumbi, akaitia mfukoni. Akasema ana mtihani wa majaribio Jumatatu. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Wiki saba. Mama akipiga simu kutoka nyumbani ananiuliza mwenzako mnaonana, nami najibu yuko bize na masomo.

Mezani tukabaki watatu na mimi. Kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanisuta, nikafanya kosa la pili kwa ukarimu. Katika kanuni kuna ufagio wa kurukia. Kwetu mtu akiruka na ufagio watu watacheka, kwa hiyo nikaugeuza kuwa ungo, kama inavyojulikana, nikampa fundi aukute kwenye sanduku la hazina. Sikufikiria tofauti yake na uchawi wa mganga. Ule wa mganga una dakika kumi na unakatika akipigwa. Ungo hauna saa wala hautaki kukaza akili. Unakwenda futi 50 kwa raundi, yaani kila mtu akipata zamu moja, unabeba kilo 180, na ukizidisha kilo 90 unapungua mpaka futi 30, basi. Nilikuwa nimeikimbia mvua nikajitumbukiza mtoni.

Ungo ulileta na jambo ambalo sikuliwaza kabisa. Kuta za chumba changu ni tofali moja. Saa tatu usiku fundi amepandwa na mzuka, anasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka dukani: "Napanda ungo wangu, napaa mpaka juu ya paa la yule mzee, nangoja alale, halafu nashuka namaliza kazi!"

Asubuhi mama mwenye nyumba ananingoja uani. Ni Mgogo, mtu mzima, na siku zote mimi ndiye huwahi kumwamkia "mbukwenyi" akacheka lafudhi yangu. Siku hiyo hakucheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye kigoda."

Nilikaa. Akaniuliza wageni wangu wa usiku ni kina nani, wanafanya kazi gani, na mzee wanayemsema ni mzee gani, maana mtaa una wazee watatu na mmoja anaumwa. Nyie, nilitokwa jasho. Neno uchawi hapa si mchezo. Watu wamewahi kuumizwa kwa tetesi ndogo kuliko ile. Nilikwenda ndani nikaleta karatasi zote, mbegu, dadu, ramani ya manila, nikamwonyesha kimoja kimoja. Alishika dadu ya pembe ishirini muda mrefu. Kama unaanza kundi lako mtaani, usisubiri kuitwa uani. Mkaribishe jirani mapema, aone ni karatasi na kelele tu. Na tangu siku ile mezani kwetu hakuna "mchawi". Mhusika wa aina hiyo ni mganga, na tukishaingia usiku tunapunguza sauti.

Alipotulia, mama akauliza swali ambalo lilinifaa kuliko kurasa zangu 90. "Sasa huyo mwenye ungo, mbona mnasema anapaa mchana? Wa ungo hapai mchana. Si ataonekana na kila mtu?"

Nikabaki mdomo wazi. Sikuwahi kufikiria hilo. Mimi nilikuwa namwona anayeruka kama mtu aliyekwepa dunia yangu. Yeye alimwona kama mtu aliyejianika.

Tukiwa tumekaa palepale kivuli kikapita uani. Mwewe. Tetea wa mama akatoa mlio mmoja mfupi, na vifaranga tisa wakapotea: wengine chini ya toroli, wengine kwenye michongoma, wawili chini ya bawa lake. Mwewe akazunguka mara tatu, akashuka usawa wa mwarobaini, akaona hakuna njia, akaondoka. Hakuna kuku aliyempiga mwewe mshale. Wala hawakukimbilia shimoni wakakaa mwezi. Walijua tu kwamba juu kuna kitu, na kila mmoja alijua kichaka chake.

Ukiishi Dodoma ukaendelea kusema angani hakuna kitu, basi hutazami. Kuanzia kama Julai upepo unaanza kuvuma unang'oa mabati, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Mibuyu iko mitupu, huwezi kujificha kwenye tawi. Nyumba za tembe za zamani za Kigogo zina paa tambarare la udongo ambalo mtu anaweza kutua, sawa, lakini ndani ni chini na giza, na aliye ndani anamsikia wa juu akikanyaga. Nilipokwenda na wenzangu wa ofisini kuangalia michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, nilipanda kwanza juu ya jabali kupiga picha. Juu kule niliona miti na mawe, basi. Michoro yote iko chini, pale mwamba ulipotoa kichwa mbele kama ukingo wa kofia. Mtu angeweza kuruka juu ya kilima kile siku nzima asijue kuna twiga wamechorwa chini yake. Nilisimama na simu mkononi nikasema kwa sauti, "Hapa ndipo." Mwenzangu mmoja akadhani nimeona nyoka.

Lakini dunia nzuri bila mdogo wangu ilikuwa dunia ya nani? Siku ya Jumapili nikapanda daladala mpaka chuoni. Nilimkuta nje ya bweni anafua. Sikuanza na habari za familia.

"Ile namba. Nilikudanganya."

Akakamua shati, akalianika, akapangusa mikono kwenye suruali, akatoa simu. Alikuwa amepiga picha ya ukurasa wa kanuni. Tarehe ya picha ilikuwa usiku uleule alioondoka.

"Kumi, kaka. Ilikuwa kumi." Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Kufa sijali. Ningekufa kwa kumi ningecheka. Ila wewe ulikuwa unataka nife."

Nilimwambia ni kweli. Sina maneno mengine ya kueleza. Ilikuwa kweli na nikasema ni kweli. Nikamwambia mganga wake yuko hai kama anamtaka, tutasema kuanguka kule kulikuwa ndoto ya mtu mwingine au tusiseme chochote. Akasema tusiseme chochote. Tukanywa chai ya maziwa na chapati mbili mbili, nililipa mimi, na Jumamosi akaja na mbegu yake ya zambarau.

Kabla ya Jumamosi ile nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya korongo: nilisoma ule uchawi neno kwa neno na kuupigia hesabu. Nakushauri ufanye hivyo na chochote kinachokutisha mezani, maana kilichonitisha mimi kilikuwa nusu ya nilichodhani. Mganga wa levo ya 5 ana nafasi mbili tu za uchawi wa daraja la tatu, ambamo kuruka na mpira wa moto vimo, mpaka apumzike. Akiruka mara mbili, mpira wa moto hana. Kuruka ni dakika kumi, yaani raundi mia moja, futi 60 kila raundi. Mwalimu aliipigia mahesabu kwa ramani ya mji: hata akikimbiza kwa nguvu zote ni futi 12,000, kilomita tatu na nusu na kidogo. Ukianzia Nyerere Square, chuoni hufiki. Utaanguka njiani mchana kweupe. Na unambeba mmoja. Ukitaka kubeba wawili unahitaji nafasi ya daraja la nne, watatu la tano, na kundi letu la wanne haliwezi kupaa lote kwa uchawi mmoja mpaka mganga afike levo ya 11. Kwa hiyo tatizo la korongo halikuwa kwamba wote wameruka. Mmoja ameruka akafunga kamba, watatu wamening'inia kwenye kamba juu ya shimo, na mimi ningeweza kuwatuma popo wangu. Nilikasirika mapema mno nikashindwa kuona burudani iliyokuwa imelala mezani kwangu.

Nikamwambia mdogo wangu pia asiruke bila ule uchawi mdogo wa unyoya, wa daraja la kwanza, unaowashusha polepole mpaka watu watano wanaoanguka. Baadhi ya waongozaji wanaona kumdokezea mchezaji hivyo ni kumbeba. Mimi naona mganga aliyesomea uganga miaka mingi angelijua hilo hata kama kijana wa mwaka wa pili halijui.

Kulikuwa na kosa jingine la kimyakimya ambalo Mwalimu alilifukua. Siku zote nilipima umbali wa mshale kwa ramani, kana kwamba anayeruka yuko chini. Mwalimu akaomba vizibo vya soda. Akaviweka vinane, kimoja juu ya kingine, kila kimoja futi 10, juu yake mbegu ya zambarau. Futi 80 juu. Mpiga mshale yuko futi 60 pembeni. "Pembetatu hii wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanaifahamu," akasema. Futi 100. Na upinde mfupi unafika vizuri futi 80. Zaidi ya hapo mpaka 320 unatupa dadu mbili unachukua ndogo. Wanyang'anyi wangu walikuwa wamempiga mganga miezi yote kwa bahati ambayo hawakustahili. Sasa vizibo vipo kwenye kopo la blubendi, na kama huna Mwalimu mezani, chukua tu namba kubwa kati ya kimo na umbali, usonge mbele. Si sahihi kabisa lakini haiudhi mtu.

Ungo wa fundi tuliuongelea kama watu wazima. Nilikiri niliutoa mapema. Akasema angeumia ukinyang'anywa, lakini hajali ukiwa wa usiku tu, kama mama mwenye nyumba alivyosema. Jua likichomoza ni ungo wa kupepetea. Fundi akaipenda kuliko mwanzo, akaanza kupanga mambo yake kwa kuangalia mwezi. Baadaye mhusika wake alikufa kwa ujinga usiohusiana na habari hii, akataka arudi na mtu wa jamii ya ndege, ile ambayo huruka toka levo ya kwanza. Nilisita kidogo. Katika kanuni za mwanzo wanaruka futi 50, na mwaka 2022 wakapunguzwa ilingane na mwendo wa miguu, futi 30. Nikachukua ya 2022. Hawawezi kuruka wakiwa na deraya za uzito wa kati wala nzito, kwa hiyo akiguswa anaumia, na yeye mwenyewe anajitunza. Halikuwa tatizo kubwa hata kidogo.

Mchezo wa kwanza mdogo wangu aliporudi, mtoto wa kijiji alikuwa amekwama juu ya jabali refu, fisi wako chini. Mganga akaruka. Kabla hajagusa jabali alininyamazia, ananiangalia usoni. Nikaelewa baadaye kidogo: alikuwa anasubiri mshale. Haukuwepo. Akamchukua mtoto, akashuka naye, mama wa mtoto akalia, kijiji kikachinja jogoo. Hicho tu. Kilikuwa kitu rahisi kuliko vyote nilivyowahi kuandaa na kilinigharimu zaidi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unawasha kuweka mpiga upinde nyuma ya mbuyu.

Safari kubwa iliyofuata nikaiweka juu ya kitu kisichopaa. Wafugaji wana mbuzi arobaini, bonde lao limekauka, lazima wavushwe ng'ambo ya safu ya vilima kwenda kwenye maji, na njiani kuna wezi wa mifugo. Wachezaji wakapokea kazi wakijua watakavyoimaliza. Mdogo wangu akauliza kwa sauti ya mtu anayekumbuka deni, "Hawa mbuzi wana pinde?"

"Hawana. Ila hawapai."

Hapo kuruka kukageuka kazi ya kundi. Siku ya kwanza alipanda akaona vumbi upande wa magharibi, watu wengi wanakuja. Akawa na raundi za kutosha kufanya moja kati ya mawili: awaendee peke yake awatishe, au arudi awaambie wenzake wabadili njia. Alibishana na yule dada dakika nzima kuhusu hilo, mimi nakunywa maji. Alirudi. Walipita chini ya miamba iliyotoa vichwa kama ya Kolo, na wezi nao wana mtu wao anayeangalia kutoka juu, hakuwaona. Usiku wa pili mwenye ungo wa wezi, ndiyo, nao wanao, alipita juu yao mbalamwezi ikiwaka, na fundi akanong'ona kwamba sasa amejua mwewe anavyoonekana kwa kifaranga.

Upepo nao nimeuingiza, lakini safari hii nautangaza kabla ya dadu. Mwongozo wa 2014 unasema penye upepo mkali anayeruka anapaswa kutua mwisho wa zamu yake la sivyo aanguke, na kila mpiga mshale anatupa dadu mbili anachukua ndogo. Unakata pande zote mbili. Ndiyo maana naupenda.

Jumamosi iliyopita walifika kwenye pito la mwisho. Mbuzi wamebaki thelathini na sita. Umeme ukakatika tukawasha tochi za simu, tukaziegemeza kwenye kopo la vizibo. Wezi wako mbele, nyuma ya mawe, haijulikani wangapi. Mdogo wangu akaishika mbegu ya zambarau, akainyanyua kidogo juu ya ramani, akaisimamisha hewani.

"Kaka, hapa upepo ukoje?"

Nje bati la choo lilikuwa limelegea toka asubuhi, linapiga, linanyamaza, linapiga tena. Nikanyoosha kidole dirishani. "Kama huo."

Akasikiliza. Wote tukasikiliza. Halafu akairudisha mbegu chini, akaisogeza taratibu mpaka katikati ya punje za mahindi tunazozitumia kama mbuzi.

"Basi natembea."